Bendera Nyekundu

Mimi si mtu wa kutajwa. Kazi yangu ilikuwa utepe,
kuushika upande wa nyasi, pale kisahani kinapochimba.
Baadaye mvi zilipoanza wakanipa bendera mbili
na kiti cha mbao kando ya duara.
Ndiyo maana Nedyalka Barzakova nimemjua kwa miguu.
Wengine watakusimulia mabega;
mimi nasimulia viatu, namba arobaini na mbili,
cha kushoto kimeshonwa mara mbili na babake,
fundi wa matandiko ya farasi kule Kramolin.

Alikuja na sketi ya shule, miaka kumi na mitano.
Kocha Karadochev akampa kisahani bila neno.
Akazunguka kama anayemwaga maji machafu mlangoni,
kikawapita wavulana waliokuwa wakicheka,
kikaenda kulala katika mahindi ya ushirika.
Tulikitafuta mpaka giza.
Kicheko hatukukitafuta.

Kisha Sofia, Budapesti, Praga.
Shaba. Shaba tena.
Fedha moja, ambayo bibi yake aliivua utepe
akafungia vitunguu saumu darini.
Na vile vidonge vya buluu, Karadochev akiviita vitamini:
majira ya baridi moja tu, sauti ikashuka,
akaacha kuimba harusini.
Hilo gazeti halikuandika.

Mwaka wa themanini na nne sanduku lilikwisha fungwa
barua ikateremka kutoka juu: hatuendi.
Saa kumi na mbili asubuhi nikamkuta getini,
viatu mkononi, macho makavu.
"Gencho, fungua."
Nikafungua. Ningesema nini?

Sasa nifike nisipopenda kufika.
Septemba ile ile, mashindano ya mavuno, Sevlievo,
watu mia mbili hivi, nusu yao wamefuata mahindi ya kuchemsha.
Mvua ilikuwa imenyesha, upepo unatoka mtoni Rositsa.
Akaingia duarani, akafuta mkono kwenye paja,
akazunguka,
na kisahani kikaondoka kimya, kimelala juu ya hewa,
kikapita bendera ndogo ya rekodi, kikapita mstari wa mwisho,
kikagonga nyasi karibu na mipopla
ambako hatukuwahi hata kufyeka.
Watu wakasimama na mahindi mdomoni.

Mimi nilikuwa natazama miguu.
Ncha ya kiatu cha kushoto, upana wa ukucha,
ilikuwa imepanda ukingo wa chuma.
Hakuna mwingine aliyeona. Karadochev alikuwa analia tayari.
Mkono wangu ulikuwa na nyeupe na nyekundu,
na nyeupe, naapa, ilikuwa nyepesi zaidi.

Nikainua nyekundu.

Rusho lililoharibika halipimwi. Ndiyo kanuni.
Alivaa koti lake akaondoka, hakunitazama.
Misimu mitatu baadaye goti likastaafu, naye akalifuata.
Akafundisha watoto kuruka kamba,
shule ikafungwa, kiwanda kikafungwa,
akalima pilipili nyuma ya nyumba, akauza barabarani.
Kila vuli nakuta chupa ya pilipili za kusaga mlangoni kwangu.
Miaka thelathini, chupa. Barua, hakuna.

Mwaka huu alibisha. Ana fimbo, ana pumzi fupi.
Akaketi jikoni, kiti kikalalamika.
"Kulikuwa na chokaa kwenye kiatu," akasema.
"Niliiona kabla hujainua. Nilikuwa naomba usiione."
Nikamimina chai. Nikamwagia meza pia.
Ndipo nikamwambia nisichomwambia hata mke wangu:
kwamba usiku ule nilirudi na kurunzi na utepe,
msumari nikauchomeka kwenye lile shimo,
nikapima peke yangu, mara tatu,
nikiwa nimepiga magoti majini.

"Ilikuwa ngapi?"

Nikamtajia, mita na sentimita.
Akaweka kikombe chini.
Akaniambia nirudie, polepole.